Nilimjibia Mdogo Wangu Swali Lisilo Langu

Mama Dorothea, shikamoo. Nakuandikia kwenye ukurasa wako wa gazeti kutoka Busi, Kondoa, nina jambo nimelibeba wiki ya pili sasa na sijamwambia mtu isipokuwa mume wangu, na tarehe yenyewe inakaribia, kwa hiyo nakuomba univumilie uisome barua hii mpaka mwisho hata kama nimeiandika vibaya.

Mimi ni Mwajabu, nina miaka thelathini na sita, nimeolewa na Khalidi ambaye ananunua mbaazi na alizeti hapa kijijini na kuzipeleka Kondoa mjini, na tunaishi na mdogo wangu Ikram mwenye miaka ishirini na miwili. Ikram alizaliwa na mtindio wa ubongo, miguu haimbebi, anatumia kitimwendo, mkono wa kulia unamtii kiasi na wa kushoto unajiendea unavyotaka, na maneno yake yanatoka polepole, moja moja, mgeni asiye na subira anadhani hajui anachosema, lakini akili yake ni nzima kabisa, alimaliza darasa la saba, na Khalidi akisahau miwani yake ni Ikram anayemsomea meseji. Mama yetu alifariki Ikram akiwa na miaka tisa, na siku mbili kabla hajafa alinishika mkono akaniambia, "Mwajabu, usimwache Ikram," nikamjibu sitamwacha, na kweli sijamwacha, namwogesha, namvalisha, namsuka, siku mkono ukiwa mbaya namlisha, hata nilipochumbiwa nilimwambia Khalidi kwamba tunakuja wawili naye akakubali, na popote tulipokwenda, iwe zahanati au ofisi ya kijiji au kwenye shughuli za watu, mtu akimuuliza Ikram swali mimi ndiye niliyejibu, kwa sababu ilikuwa haraka zaidi na kwa sababu nililijua jibu, au niliamini nalijua.

Sasa miezi mitatu iliyopita tuliitwa mjini kwenye mkutano wa vijana wenye ulemavu na familia zao, na hapo alikuwepo kijana mmoja anaitwa Anyitike, ametoka Dodoma, anasimamia chama chao, na yeye mwenyewe haoni. Akatueleza kwamba wana nyumba Ihumwa ambako vijana wanane wanakaa miezi tisa wakijifunza kupika, kufua, kwenda sokoni, kuingia ofisini na kueleza shida yako kwa mdomo wako mwenyewe, na asiyeweza jambo fulani kwa sababu ya mwili wake anapewa msaidizi, lakini ni yeye anayemwambia msaidizi afanye nini na lini, na wakimaliza wanasaidiwa kutafuta chumba na kazi. Baadaye akaja mpaka tulipokaa, akainama.

"Ikram, wewe ungependa nini?"

"Huyu anapenda kukaa nyumbani," nikasema mimi.

Akageuza uso upande wangu. "Dada, mimi sioni, lakini nasikia ni sauti ya nani inayojibu. Nimemuuliza Ikram."

Basi tukangoja, Mama Dorothea, na huko kungoja kulikuwa kurefu, mara tatu nilifungua mdomo nikaufunga, watu wa viti vya mbele wakaanza kugeuka, mpaka Ikram akasema, "Nataka... kuchagua... nguo... mwenyewe. Nataka... nijue... kama naweza." Siku hiyo nilikuwa nimemvalisha gauni la kijani nililomshonea Idi, miaka yote nikijua kwamba kijani ndiyo rangi yake.

Alijaza fomu, au tuseme alitaja majibu na msichana wa chama akaandika, na kwa kuwa Ikram hana simu iliandikwa namba yangu. Tuliporudi nyumbani alianza vituko, kila asubuhi anataka afunge vifungo mwenyewe, tunachelewa chai, na siku moja nimekwenda kuchota maji nikarudi nikamkuta amejisogeza mpaka jikoni anakoroga uji, na sufuria ikamwinamia ikamuunguza mkono, si sana, lakini mimi nilipiga kelele kama moto umeshika nyumba, nikamwambia unaona sasa, ndiyo maana nakukataza. Akanitazama tu, akasema, "Na wewe... uliungua... ulipojifunza." Ni kweli, alama ninayo mpaka leo kwenye kiwiko.

Haya, wiki mbili zilizopita Anyitike akapiga simu kusema Ikram amepata nafasi na akaomba azungumze naye, na Ikram alikuwa uani hatua kumi kutoka niliposimama, namwona, anajichagulia mbaazi kwenye ungo kwa ule mkono mmoja, na mimi nikasema, sijui maneno yalitoka wapi, nikasema, "Amebadili mawazo. Anasema hataki tena." Kijana akasema kwa upole, "Nitahitaji kulisikia hilo kwake mwenyewe, dada. Nafasi yake naishikilia mpaka tarehe ishirini na nane." Nikakata simu. Tangu siku hiyo kila jioni Ikram ananiuliza, "Wamepiga?" na mimi namjibu, "Bado." Swala zangu zote naziswali na hilo neno kooni.

Nilimweleza Khalidi nikitegemea ataniunga mkono, akasema, "Mimi nilioa watu wawili na sijawahi kulalamika, wala leo silalamiki. Lakini Ikram ni mtu mzima, humtendei haki." Akatoka kwenda kwenye magunia yake.

Sasa naomba usinihukumu kabla hujasikia hofu yangu, maana Ikram akila haraka anapaliwa, je, akipaliwa huko nani atajua kumpiga mgongoni, na mabinti wenye hali yake tunasikia wanavyofanyiwa na watu wabaya, na hapa kijijini watasema Mwajabu amechoka, amemtupa mdogo wake Dodoma, na maneno ya mama je, nitamjibu nini mbele ya Mungu. Hayo yote ni kweli, lakini nikikuficha lililobaki nitakuwa nimeandika bure. Nina miaka tisa kwenye ndoa na sijapata mtoto. Asubuhi naamka kwa sababu Ikram anahitaji kuamshwa. Akiondoka, ile nyumba itakuwa kimya na mimi sijui nitaamka kwa ajili ya nini. Je, nimwache aende, au nimbakize kwa usalama wake, na nikimwambia nilichofanya atanisamehe?

Mwajabu, Busi

*

Mwajabu mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili na haijaandikwa vibaya hata kidogo. Lakini swali la mwisho umelikosea. Unauliza umwache aende au umbakize. Hilo si swali lako, wala si langu, na mimi sitalijibu. Anyitike alishamuuliza mwenyewe, na mwenyewe alishalijibu mbele za watu. Ulichobakiwa nacho wewe ni uongo mmoja wa kwenye simu na "bado" kumi na nne.

Sikukaripii kama mtu asiye na doa. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini. Mara ngapi nimemuuliza mama mtu, "Anaumwa wapi?" huku mgonjwa mzima na akili zake amelala mbele yangu ananitazama! Nilikuwa na haraka kama wewe. Wagonjwa wengine walinisamehe, wengine hawakurudi kwangu tena.

Umemlea mtoto wa mama yako tangu ukiwa na miaka ishirini na mitatu, umekwenda naye kwenye ndoa, hujamfungia ndani wala kumwonea aibu. Kuna watu hapa nchini wana ndugu kama Ikram ambao hata jirani hajui kama wapo. Hilo nakupa, na ulipokee bila kuona haya. Tena binti anayekwambia "na wewe uliungua ulipojifunza" hakuota tu kama uyoga. Amelelewa na mtu. Ujasiri unaokutisha umekulia kwenye nyumba yako.

Mama yako alikwambia usimwache. Umelitimiza. Lakini Kiswahili kina kumwacha mtu na kina kumwachia, na wewe umeviogopa vyote viwili kana kwamba ni kitu kimoja. Mwachie maisha yake. Kumwacha hutamwacha hata ukitaka, nakuona ulivyo.

Hofu zako za kupaliwa na watu wabaya ni hofu za kweli, na anayekwambia uzipuuze hakupendi. Ila hofu ya kweli inapelekwa kwa anayeweza kuijibu. Nenda nayo Ihumwa. Uliza usiku analala nani ndani, milango inafungwaje, atakayemwogesha Ikram ni mwanamke au la na wamempataje, akipaliwa nani anajua la kufanya, akitendewa ubaya anamwambia nani, na kama simu atakuwa nayo mwenyewe. Wakijikanyaga kwenye majibu, mwambie Ikram ulichokiona, kisha yeye ndiye aamue. Na uulize Ikram akiwepo, na swali lake litangulie la kwako. Jua pia kwamba mtu asiyejua kusema "sitaki" kwa mdomo wake ndiye watu wabaya wanayemtafuta. Kila ulipomsemea ulidhani unamkinga.

Ya kijiji yaache kijijini. Watasema wiki mbili, kisha mbaazi zitapanda bei.

Sasa ule ukimya wa nyumba. Hapo sikukaripii. Miaka tisa ya kungoja mtoto ni mizito, na naona umeipitia ukiwa na kazi nyingi mikononi ili usiihisi. Lakini huzuni hiyo ni yako na ina jina lake. Ikram hawezi kukuponya kwa kukaa kwenye kiti akusubiri umvalishe. Nenda hospitali mkapimwe, na nimesema mkapimwe, Khalidi naye aache magunia yake siku moja. Wanawake wengi wamebeba peke yao mzigo ambao daktari angeugawa mara mbili. Mkipata mtoto, alhamdulillahi. Msipopata, bado wewe ni mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye mikono inayojua kushona, na hata siku moja hukujiuliza wewe ungependa nini. Jiulize, na ujipe nafasi ya kujibu polepole.

Utakachofanya ni hiki, tena ni leo, si Ijumaa. Alasiri ukimaliza kuswali, kaa chini usawa wa macho yake. Mwambie: walipiga, nikajibu kwa niaba yako, nikadanganya. Usianze na hofu wala maneno ya marehemu mama, utakuwa unajitafutia msamaha kabla hujaungama. Akikasirika, kaa. Akilia, usimfute machozi mpaka akwambie. Kisha piga namba ya Anyitike, mpe simu mkononi, na utoke nje. Nje kabisa, si mlangoni. Kama atakusamehe, hilo nalo lina wakati wake, usimharakishe.

*

Barua hii ilinifikia tarehe ishirini na moja, na gazeti lingetoka ile ishirini na nane imeshapita. Kwa hiyo siku hiyohiyo nilimpigia Mwajabu kwa namba aliyoiandika kwenye bahasha, nikamsomea majibu yangu yote. Akasema, "Ahsante, mama," akakata.

Siku tatu baadaye akanipigia yeye. Alimweleza Ikram kila kitu wakiwa uani. Ikram hakulia. Alimtazama dada yake mpaka Mwajabu akashindwa kuyainua macho, kisha akasema, "Kila siku... nilikuuliza. Kila siku... uliniona... nangoja." Akaomba simu. Mwajabu akatoka, akaenda mpaka kwa jirani, akakaa huko akimenya viazi visivyo vyake. Aliporudi simu ilikuwa kwenye paja la Ikram na Ikram anatazama mlima.

"Walisemaje?" nilimuuliza Mwajabu.

"Sijui, mama. Sikumuuliza." Akapumua. "Hajazungumza nami siku mbili. Leo asubuhi kaniambia nimletee nguo zake zote kitandani. Kachagua gauni la njano. La njano, mama, nilikuwa nataka kuligawa."

Tarehe ishirini na saba walisafiri wote watatu mpaka Ihumwa. Mwajabu aliuliza maswali yake yote, na ya Ikram yalitangulia. La kwanza lilikuwa kama anaruhusiwa kufunga mlango wa chumba chake. Aliambiwa ndiyo. Khalidi na mkewe walirudi Busi jioni kwa basi, na Mwajabu anasema nyumba iko kimya kama alivyoogopa. Wameshapata siku ya kwenda hospitali.

Desturi ya ukurasa huu ni kuficha majina ya wanaoniandikia. Kabla ya kuchapisha nilimpigia Ikram kwa simu yake mwenyewe, maana sasa anayo, nikamwambia habari hii inamhusu kuliko inavyomhusu dada yake, na kwamba naweza kumpa jina lolote apendalo. Alichukua muda wake. Nikamngoja.

"Andika... Ikram," akasema. "Na dada... andika Mwajabu. Waambie... watu... alinileta... mwenyewe."