Ukishuka Bandarini, Usipunge Mkono

Jabe, Bujumbura

Kaka Moubarak,

Asalam aleikum. Huku tuko wazima, na soko letu limepakwa rangi mpya.

Barua yako imenikasirisha sana. Wewe, mutoto wa Jabe, unaniuliza kama mutalii njia ya kutokea bandarini na hoteli iliyo karibu! Hoteli gani? Kitanda chako Mama anakitandika kila Ijumaa, mwaka wa saba sasa, na hakuna anayeruhusiwa hata kukikalia.

Haya, sikiliza. Ukishuka kwenye meli, pasipoti usimpe mutu asiye na sare. Wabeba mizigo watakuvamia: chagua mmoja, wengine waambie apana. Kwa watu wa forodha fungua sanduku mwenyewe, bila ubishi. Kisha tokea lango kubwa, siyo lile la malori ulilopitia uliporudi safari ile, ukatuacha tukikungoja juani na sahani ya pilau.

Mi na Mama tutakuwa hapo langoni. Mama atavaa kitenge ulichomtumia. Usimpungie mkono kutoka mbali kama kawaida yako. Mwite kwa sauti, kisha umsogelee. Haoni tena tangu Ramadhani, na alinikataza nisikuandikie habari hiyo.

Kama bado unataka hoteli, mwambie yeye mwenyewe.

Mudogo wako,
Houda