Kabla Baraza Halijakaa

Chuo cha Kilimo,
Carvossa, Australia Kusini
Jumatatu, 16 Agosti 1886

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kwa mapenzi yale yale. Naomba barua hii ikukute mzima, goti lisiwe linakusumbua kwa ngazi za nyumba ya Bi Odgers, na huko Adelaide uwe umepata mtu wa kukupikia kitu kingine zaidi ya kabichi. Sisi huku miili yetu ni mizima. Keziah ameota meno mawili ya chini na anauma kila anachokipata, hata kola ya baba yake. Murdo anakusalimu. Ndugu yangu Digory ndiye aliyekukabidhi karatasi hizi, nami nimemwomba asikuambie neno kabla hujafika mwisho. Usimkasirikie. Amenitii kwa shida.

Mvua imetutendea mema. Ngano imesimama kijani mpaka kwenye shamba jipya lililolimwa na maksai wako, na mtu akipita barabarani asiyejua lolote atasema chuo hiki kimebarikiwa. Ningependa habari ziishie hapo.

Unakumbuka jioni ile barazani kwetu kabla hujapanda garimoshi. Ng'ombe wetu watatu walikuwa wanakohoa, na Murdo alikuwa amekwisha kukuambia kwamba anadhani ni homa ya mapafu. Alitaka majirani waarifiwe asubuhi yake. Wewe ukamwambia angoje mpaka Bunge lipitishe fungu letu la fedha, kwa kuwa wapo waheshimiwa wanaotafuta sababu moja tu ya kutufunga. Alipozidi kubisha ulimjibu kwamba Mkuu wa Chuo anatawala darasa na zizi, bali Baraza ndilo linalomtawala Mkuu, na Mwenyekiti wa Baraza ni wewe. Nilikuwa nyuma ya mlango na mtoto mkononi. Murdo alitii. Usiku huo na uliofuata hakula.

Wiki moja baada ya wewe kuondoka, Gottfried Lange alikuja kwa miguu mpaka mlango wa jikoni. Unamjua, si mtu wa kuja bila sababu. Alivua kofia akanisalimu, akauliza kama Mkuu yupo. Murdo alipotoka, Lange alimwambia kwamba ng'ombe wake wa maziwa wanne wamekufa na wawili waliobaki wamelala chini, shingo wamezinyoosha, wanapumua kama mvukuto wa mhunzi. Akauliza swali moja tu, kama hiyo ni homa ya mapafu. Murdo alinitazama mimi kwanza, kisha akamwambia ndiyo. Lange akauliza kama chuoni ipo. Murdo akamwambia ipo, na ilikuwepo kabla yeye hajaja hapa mlangoni.

Nilitegemea apige kelele. Alisimama tu akiizungusha kofia yake. Halafu akasema, "Mawe ya jengo hili niliyabeba kwa gari langu, Bwana Kinnear. Msimu mzima. Sikuomba hata nauli. Mngeniambia nikaziba ule ua wa kijitoni, mngepungukiwa nini?" Lange akavaa kofia, akaenda zake. Baadaye nilipeleka maziwa ya kopo kwa watoto wake. Mkewe aliyapokea bila kunikaribisha ndani, nami sikumlaumu.

Jumamosi ya tarehe saba wakaja majirani wote. Walijaa langoni na magari yao, wengine na bunduki za kuwindia, na Bwana Coad alikuwa katikati yao. Makamu wako, Baba, alisimama upande ule wa lango. Wanafunzi walitaka kutoka na uma za kukusanyia nyasi, Murdo akawafungia bwaloni na kuniachia mimi ufunguo. Akaenda peke yake, kichwa wazi. Mimi nilisimama dirishani na ufunguo umeniachia alama kiganjani.

Walimpokea kwa maneno unayoweza kuyakisia. Mmoja akasema, "Mkuu, toka na shahada yako uje unizikie ng'ombe wangu." Mwingine akasema chuo kimefundisha vizuri sana, hata ng'ombe wa jirani wamehitimu, na watu wakacheka kicheko kisicho na furaha. Bonge la udongo likampata begani. Hakulipangusa. Aliwaambia kwamba ugonjwa upo, kwamba alinyamaza na hakupaswa kunyamaza, na kwamba Jumatatu kundi lote la chuo litapigwa risasi na kuzikwa. Ng'ombe wao walio wazima atawachanja mkiani yeye mwenyewe, kwa yeyote atakayekubali. Hakulitaja jina lako. Nilingoja alitaje, nakiri. Hakulitaja.

Bwana Coad akauliza kwa sauti ya mkutano ni nani aliyeleta maradhi haya Carvossa. Kabla Murdo hajafungua kinywa, mtu nyuma akasema, "Si ni yule fahali wake aliyemnunua Victoria?" Basi likawa hilo. Kila mtu alikumbuka kwamba alipinga fahali yule asinunuliwe, hata waliokuwa wamekuja kumwomba Murdo fahali huyo awapandie mitamba yao. Coad akatangaza kwamba Baraza litakaa Alhamisi ya tarehe kumi na tisa kumwondoa Mkuu, ili waheshimiwa wa Bunge waone nyumba imefagiwa. Najua alikupelekea simu ya maandishi. Najua na jibu lako pia, kwa sababu alilisoma kwa sauti mbele ya watu posta: "Baraza lina haki. Nitakuwepo." Mke wa karani wa posta aliniangalia mimi badala ya kukiangalia kitabu chake cha stempu.

Nilisema moyoni kwamba umelazimika. Baba ni mwenyekiti, nikasema, hawezi kumkingia mkwewe kifua hadharani. Nilikutetea, Baba, mpaka Jumatatu iliyopita.

Shimo lilichimbwa na wanafunzi katika kona ya mashariki. Wapo waliolea ndama hao kwa mkono, wakalia bila kuficha. Fahali aliuawa kwanza. Murdo alishikilia kwamba baadhi ya mizoga ipasuliwe kabla ya kufukiwa, kwa kuwa hapa ni shule na hata siku kama hii ina somo lake. Wakamzunguka, mikono ya mashati imekunjwa. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya chokaa. Alipompasua fahali, mapafu yake yalikuwa laini, rangi ya waridi, hayana doa. Minong'ono ikapita kwa wanafunzi. Murdo akasema wapo wanyama wanaobeba ugonjwa bila kuonyesha, na sauti yake haikuwa na uhakika hata kidogo.

Kisha akampasua Darby, yule maksai wako mwekundu. Ndani ya pafu lake mlikuwa na uvimbe ukubwa wa ngumi, mkavu, umezungukwa na ukuta mgumu kama ngozi ya kiatu. Mtu hahitaji kusomea Edinburgh kujua kwamba kidonda kile ni cha miezi mingi, tangu kabla Darby hajakanyaga ardhi ya chuo. Murdo alikishika kwa muda. Halafu akakitupa shimoni, akamwaga chokaa juu yake kwa mkono wake, akawaambia wanafunzi somo limekwisha, wakanawe.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza Darby aliupata wapi ugonjwa ule. Akaniambia nisimuulize jambo ambalo sitapenda kulijua. Jibu hilo ndilo lililonipeleka kwa Digory.

Alhamisi nilimkuta anatengeneza hatamu. Nilipolitaja jina la Darby, aliiweka chini na kukaa juu ya gunia. Akaniambia yote, Baba. Kwamba wakati wa mavuno maksai wako wawili walikohoa na kufa, nawe ukasema ni nyasi mbaya. Kwamba yule wa pili ulimpasua, ukatazama, kisha ukamwagiza Digory wazikwe karibu na kijito na asimwambie mtu, hata mimi. Wakati huo wale wanne wengine ulikuwa umekwisha kutupatia hapa chuoni walime shamba jipya, na watu wote kanisani walikupigia makofi kwa zawadi hiyo. Digory alikuuliza kama wale wanne warudishwe. Ulimwambia wakirudishwa watu watauliza kwa nini, na maswali hayafai mwaka huu. Kijito hicho hicho ndicho kinachopita kwa Lange. Digory alilia kama alivyolia siku tuliyomzika Mama. Ameibeba siri yako miezi yote hii, na imemkondesha, kama ulikuwa hujaona.

Jana baada ya ibada nilimwambia Murdo kwamba najua. Hakushangaa. Alikuwa amejua tangu shimoni na alikuwa ameamua kuondolewa bila kujitetea. Aliniambia kwa utulivu, kama anayepanga ratiba ya masomo: "Loveday, mimi ni mtu wa kuajiriwa. Mkuu mwingine watampata kwa tangazo gazetini. Baba yako ndiye chuo. Wakisikia ni yeye, Bunge litafunga milango kabla ya Krismasi na vijana hawa watarudi makwao." Nikamuuliza, na Lange je? Akatazama mikono yake. Nikamuuliza mara ya pili. Akasema kwa Lange hana la kusema, na kwamba hilo ndilo linalomwamsha usiku. Akaniomba nisikuandikie. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kutomsikiliza mume wangu katika jambo kubwa.

Baba, usidhani sijui ni kwa nini. Mimi ndiye niliyekaa mbele ya gari pamoja nawe ulipozunguka na ile karatasi ya ombi la kuanzisha chuo, shamba kwa shamba, na watu wakikucheka kwamba Trewartha anataka kuwafundisha ng'ombe kusoma. Ulijifunza herufi ukubwani, kwa kitabu cha nyimbo cha Mama. Nilikuona ukivuka uwanja huu siku ya kuweka jiwe la msingi ukijifanya vumbi limekuingia machoni. Ulinyamaza kwa sababu unakipenda chuo hiki kuliko jina lako. Nimejaribu kukuchukia tangu Alhamisi na sijaweza, ila kukutetea pia siwezi tena. Tuliwaambia watu waje hapa wajue kweli ya udongo wao na mifugo yao. Mtu wa kwanza aliyekuja kuuliza kweli mlangoni petu alikuwa Lange, naye alikuwa amekwisha kupoteza kila kitu.

Inawezekana Murdo yuko sahihi na tutafungwa. Nimelifikiria hilo nikiosha vyombo, nikimnyonyesha mtoto, nikihesabu mashuka ya bweni. Kama chuo hakiwezi kusimama mpaka mtu asiye na hatia atolewe nje na jirani adanganywe, basi waheshimiwa wanaweza kuchukua funguo. Nitawapa mimi mwenyewe, zinaninginia kiunoni mwangu.

Haya ndiyo niliyoamua. Kwenye kikao cha Baraza sitakuja. Mwanamke hasemi pale, nami sitaki kukuaibisha mbele ya Coad, maana hatakusikia kwa huzuni, atakusikia kwa furaha. Bali Jumatano jioni nitakwenda kwa akina Lange, nitakaa mezani kwao kama watanikaribisha, na kama hawatanikaribisha nitasimama mlangoni, na nitawaambia ni ng'ombe gani waliowaua ng'ombe wao na ni nani aliyejua. Baada ya hapo Lange afanye atakalo.

Garimoshi lako linafika alasiri ya siku hiyo. Nitakuwa kituoni na gari, peke yangu. Digory atabaki Adelaide mpaka Ijumaa kwa kuwa hataki kuwa njiani pamoja nasi, na mimi nimemruhusu. Ukishuka sitakuuliza neno. Njia ya kwa Lange inakata kushoto baada tu ya daraja. Ukiniambia tukate kushoto, tutakwenda pamoja. Nitakushika mkono mpaka mlangoni na useme wewe, nami nitanyamaza, na lolote litakalofuata litanikuta nimeketi upande wako. Ukiniambia nikupeleke nyumbani kwanza, nitakupeleka. Nitakuwashia moto, nitakuwekea chakula na kukuvua viatu. Kisha nitapanda gari tena.

Nimekwisha kutandika kitanda chako, na nimeweka blanketi la pili kwa sababu ya baridi. Keziah anakupa busu lake lenye mate. Bi Pengelly wa jikoni anakusalimu na anauliza kama utaleta majani ya chai. Funga koti vizuri garini, na usikae upande wa moshi.

Mimi binti yako, sasa na hata baada ya Jumatano,

Loveday Kinnear