Karatasi ya Walioshindwa Kuingia

Jumatatu, 2 Machi

Sijamwambia mtu hili: ninajua neno la siri la meneja. Sikulitafuta. Kila Jumatatu, hapa kliniki mjini, nachapisha orodha ya waliokosea kuingia kwenye kompyuta na kuibandika ukutani, juu ya thamosi za chai. Bwana Maina, meneja, anaamini aibu itawafundisha.

Lakini mtu akiwa na haraka huandika neno la siri mahali pa jina. Mfumo unamkataa, kisha unalihifadhi herufi kwa herufi. Kando yake unaweka chumba alichokuwamo. Anayejua nani anakaa wapi ameshajua neno ni la nani.

Hata wagonjwa hupita hapo wakienda msalani.

Jumanne, 3 Machi

Mama Kioko wa rekodi amesimamishwa kazi. Mtu aliingia kwa jina lake wikendi, akasoma majibu ya damu ya mgonjwa mmoja, na sasa wakwe wa mgonjwa wanayajua. Bwana Maina anasema kompyuta haidanganyi.

"Wairimu, sijapea mtu," aliniambia akikunja sweta yake. "Hata bwanangu hajui."

Neno lake lilikuwa ukutani wiki nzima iliyopita. Chumba cha rekodi ni chake peke yake. Mimi ndiye niliyebandika.

Nina hasira.

Jumatano, 4 Machi

Nimefika mlangoni kwa Bwana Maina. Nilitaka kumwambia habari ya karatasi. Nimemuuliza kama anataka chai.

Ninajichukia.

Alhamisi, 5 Machi

Nimesema. Saa ya chai, mbele ya watu, kwa sababu ofisini kwake ningeuliza tena habari ya chai.

"Ile karatasi ina maneno ya siri ya watu."

"Ina makosa ya watu," akajibu. "Wewe si umemaliza shule juzi tu?"

"Daktari wa kompyuta amefika," akasema jamaa wa maabara. Wakacheka.

Nikataja herufi nne za kwanza za neno la Bwana Maina. Kwa sauti ndogo, lakini alisikia. Aliweka kikombe chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Kila mtu anayekunywa chai hapa."

Hakuuliza juu ya Mama Kioko. Hata kidogo. Nimerudi nyumbani Waithaka nikakosa hamu ya kula. Mama anadhani ni malaria.

Ijumaa, 6 Machi

Karatasi imebanduliwa. Waliotengeneza mfumo wameambiwa waufanye usihifadhi tena kinachoandikwa mahali pa jina, useme tu kwamba mtu ameshindwa. Sote tumebadilisha maneno yetu ya siri. Nilipouliza kuhusu zile orodha za zamani kwenye mashine, hakuna aliyejua ziko wapi. Nimezitafuta mwenyewe, zikafutwa mbele yangu.

Mama Kioko ameitwa arudi. Barua inasema "baada ya uchunguzi". Uchunguzi gani? Hakuna neno pole popote, wala kwake wala kwa mgonjwa. Watu wazima hawa.

Jumatatu, 9 Machi

Mama Kioko amerudi. Tumesalimiana. Amepangusa meza, akawasha kompyuta, akakaa bila kuigusa.

"Mami, angalia dirishani kidogo," akaniambia.

Nimegeuka, nikasikia herufi zikibofywa nyuma yangu. Nimetazama paa za mabati za upande wa pili hadi aliposema amemaliza.