Nilishika upindo wa kikwembe cha Célestine

Mama Émérance wa radio, salamu kutoka Kasongo. Mimi ni muzee wa miaka sabini na moja, kwa umri ungeniita baba, lakini leo naomba unishauri kama mutoto aliyevunja chungu cha mama yake, kwa sababu nimeharibu kitu na sijui nianzie wapi, na samehe maandishi, nilifika darasa la ine tu halafu padri akachoka nami.

Mwezi uliopita wanafunzi wa chuo walifanya feti ya desturi zote, kila watu na stendi yao, chakula yao, mavazi na ngoma yao, na Pacifique, mwanafunzi anayepanga chumba kwetu, akaniambia, "Papa Gaston, stendi yetu haina hata muzee mumoja, tutachekwa." Nikamuuliza kama chakula kitakuwako, akasema kitakuwako, basi saa ileile nikawa muzee wa desturi. Mama, nilikula! Watu wa Kisangani walinipa lituma ya ndizi za kupondwa, wa Bukavu wakanipa vile visamaki sambaza vya kukaanga, kwetu bugali na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese ya kutosha, vijana wa Kiislamu wakanipakulia pilao huku wenzao wanapiga matari, na mimi mukristo wa kubatizwa nikatikisa mabega mpaka katekista akageuza uso.

Sasa ubaya wangu. Msichana wetu wa kucheza alikuwa amefunga kikwembe kimefifia kama kitambaa cha kupangusia meza, na Pacifique akauliza, "Papa, nyumbani hakuna kizuri?" Bibi yangu Célestine alikuwa shambani. Nikarudi mbio, nikafungua sanduku yake, nikatoa kikwembe cha buluu chenye ndege, kizima, hakijavaliwa hata siku moja, karatasi ya duka ingali imebandikwa. Kile kikwembe, mama, mutoto wetu Nadine alimununulia mama yake kule Kindu, mwaka mumoja kabla hajafa katika kuzaa, na Célestine alikiweka akisema siku yake ikifika wamufunike nacho, ili Nadine amutambue. Nilijua. Usifikiri sikujua. Nilijiambia kabla ya jioni kitakuwa kimerudi.

Nilipokifikisha, fundi wao wa kushona akasema ni kirefu mno, afadhali kikatwe, kipande cha kiuno, kipande cha kichwa, na utepe wa kufunga kwenye ngoma. Watu wamezunguka, wananipigia makofi kama mutawala wa kijiji, "Shefu! Shefu!" Fundi akaniuliza, "Papa, nikate?" Nikamujibu, "Kata, kwani nguo inasikia maumivu?" Wote wakacheka, na mimi mwenyewe nikashika upindo, nikauvuta, ili mukasi upite vizuri. Msichana alicheza vizuri sana, sikatai. Halafu akaenda kula sombe, ikamumwagikia.

Célestine aliona picha katika simu ya mwenzake wa korali ya kanisa. Alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akakaa chini. Na mimi na huu ulimi wangu nikamuambia, "Kwani ulikuwa na safari kesho?" Hakucheka. Akasema, "Gaston, Nadine atanitambua na nini?" Asubuhi akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Wamaza kwa kaka yake Bruno, na leo ni wiki ya tatu. Kabla hajaondoka nilimuambia wanafunzi ndio walikata bila mimi kuona, na hivyo ndivyo anavyoamini. Nimetuma salamu za kuchekesha kwa wenye moto, wanarudi bila jibu. Sasa Atumani, muuza vikwembe hapa sokoni, anasema atanipatia kingine cha ndege wa namna ileile, na ile karatasi ya zamani niliiokota, ninayo, nitaibandika kwenye kipya, niseme kilichokatwa hakikuwa chake, chake nilikuwa nimekihamisha tu mahali pengine. Nifanye hivyo? Nyumba imekuwa kubwa, naongea na kuku, na hata wao wamenizoea.

Gaston, Kasongo.

Papa Gaston,

Barua yako imenichekesha mara mbili, na mara zote mbili nimejiona mubaya. Hivyo ndivyo unavyowafanya watu: unawachekesha ili wasitazame mikono yako inafanya nini.

Kikwembe cha Atumani kiache sokoni. Mama huyu amekunjua na kukunja zawadi ya mutoto wake miaka yote hii, na wewe unataka kumudanganya kwa gundi? Haya, tuseme amedanganyika. Siku yake ifike, afunikwe na uongo wako, nawe usimame pembeni ukitazama. Utaweza? Mimi sidhani.

Na wanafunzi usiwasingizie tena. Fundi aliuliza. Wewe ulijibu.

Leo hii umuone Pacifique, mukusanye kila kipande, cha kiuno, cha kichwa, hata ule utepe uliobaki kwenye ngoma. Yale mawese usiyasugue, utachubua rangi, mwenyewe ataamua. Kesho panda moto uende Wamaza, wewe, si salamu zako. Ukifika, ukae kwanza na shemeji yako Bruno, umuombe akuitie dada yake. Umuwekee vipande mbele, umuambie kwamba wewe ndiwe ulifungua sanduku, wewe ulisema kata, wewe ulishika upindo. Atasikia uchungu upya, najua, pengine atabaki kwa kaka yake muda murefu zaidi. Ni haki yake, na wewe utarudi Kasongo peke yako bila kununa.

Iko jambo moja limeniuma kuliko mukasi. Umeandika Nadine ni mutoto wenu, lakini hukuandika popote kama wewe pia unamulilia. Nafikiri Célestine naye hajawahi kukusikia ukimulilia. Kama uko na machozi, papa, yapeleke Wamaza, yule mama amebeba kifo kile peke yake muda wa kutosha.

Atakuuliza kwa nini ulikubali wakate. Usitafute la kuchekesha. Muambie, "Watu walikuwa wananipigia makofi." Ni jibu baya, lakini ndilo la kweli. Ukishalitoa, funga kinywa, umuache aongee yeye.

Mama Émérance