Tumbo la Katalina

Jumamosi, 1 Machi

Katalina ina mimba! Nimemwambia Mzee wangu hivyo, akaja na miwani puani kuchungulia. Kweli — chini ya pua, pale tumbo la mashua linapoanza, plastiki imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Na mashavu hayo nayajua mimi, nimetengeneza meno bandia mpaka nikastaafu. Mzee akauliza aliyeitia mimba ni nani. Nikamwonyesha jirani yake wa rafuni, lile dege kubwa la injini nne la kubeba barua na abiria. Tumecheka wee!

Ni joto tu, nadhani. Rafu iko karibu na dirisha. Nitazisogeza zote.

Halafu dari linamwaga unga. Ukipitisha kidole rafuni kinatoka cheupe. Nimefuta kwa kitambaa kikavu, nikakikung'uta palepale. Mzee ameahidi kupanda kuliangalia. Ahadi za Mzee!

Kibonge hakumaliza maziwa. Mjukuu wangu huyu, mwaka na nusu, jina hilo hakupewa bure. Kikombe alikuwa anakifukuzia mpaka mezani. Leo kageuza uso. Labda jino linatoka. Zulia lake nimemtandikia chini ya rafu, ndipo penye upepo, na ndipo anapopapenda. Analala chali anazitazama ndege za plastiki za bibi yake. Jirani bado ananiuliza zile ni ndege au ni boti. Vyote viwili, mama! Tumbo la mashua, mabawa ya ndege, inatua majini kama bata. Nimechoka kueleza.

Jumatatu, 3 Machi

Tumbo limepasuka. Ufa kutoka puani mpaka chini ya bawa. Nimeumia kama nimeumizwa mimi.

Katalina hii si modeli tu. Hii tuliiunda wawili, mimi na bintiangu, mama yake Kibonge, alipokuwa darasa la kwanza. Mimi nikikata na kupiga msasa kwa vifaa vyangu vya meno, yeye mkubwa wa uzito. Maana hii ina magurudumu ya kupandia nchi kavu, na bila uzito puani inakalia mkia. Kwa hiyo tukatia risasi, zile chembe za kuzamishia ndoana. Akizidondosha mojamoja kwa vidole vyake. "Peremende za rubani," alikuwa anaziita. Mimi nikamimina gundi juu, ile nyeupe ya seremala, ndiyo iliyokuwepo nyumbani. Ikakauka, tukafunga tumbo, tukapaka rangi. Haijawahi kukalia mkia!

Sasa ufani mnatoka unga mweupe. Si wa dari basi. Nimeukwangua kidogo kwa kucha. Plasta si hivi, plasta naijua. Kesho namtafuta Kepteni.

Kibonge hajapata choo tangu juzi. Analialia, anashika tumbo, hataki kubebwa, hataki kuwekwa chini. Jino gani hili?

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika mstari huu mara tatu nikaufuta.

Kepteni hajawahi kuendesha hata baiskeli, jina kapewa kwa sababu ya kofia. Anatengeneza saa, na nyumbani ana ndege za majini nyingi kuliko mimi. Nilimpelekea Katalina ndani ya bati la biskuti. Akafungua, akatazama, akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Akauliza gundi gani. Nikasema ya mbao. Akauliza ile nyeupe? Nikasema ile nyeupe. Akafunika bati, akafungua dirisha, akaenda kunawa mikono. Kunawa! Mtu ambaye anakula chapuchapu huku ana grisi mpaka kwenye kope.

Akanieleza. Risasi na gundi ile hawapatani. Gundi inaila risasi polepole, miaka na miaka, risasi inageuka unga, unga unavimba, unapasua tumbo. Amewahi kuona kabati zima limeharibika hivyo. Nikamwuliza tunazitibuje. Akaniambia dada, acha habari ya kutibu, ule unga ni sumu. Usiupulize, usiushike halafu ukala.

Nikacheka mimi! Nikasema mimi sili ndege, Kepteni.

Ndipo nikamkumbuka anayekula kila kitu. Kiatu. Kalamu. Pindo la zulia.

Sijui nimefikaje nyumbani.

Baadaye, jioni

Nimezichunguza zote. Zenye uzito puani ni saba. Nne zimevimba. Lile la injini nne lina tundu chini ya tumbo, dogo, la kuingia kidole cha mtoto, na chini yake rafu ni nyeupe. Na chini ya rafu ni zulia.

Wiki iliyopita nilimkuta ana weupe mdomoni. Nikasema huyu na maziwa yake! Nikampangusa kwa kanga yangu, nikambusu. Je, alikuwa amekunywa maziwa asubuhi ile? Sikumbuki. Najikamua kichwa, sikumbuki.

Naogopa. Naandika tu: naogopa.

Jumatano, 5 Machi

Tumekwenda kliniki, Mzee kambeba. Daktari wa watoto ni msichana mdogo, sauti ya upole. Upole ule ndio ulionitisha. Bora angenigombeza.

Akauliza anakula? Kidogo. Choo? Hapana. Analala? Anashtuka. Halafu akauliza, anasema maneno gani?

Nikaanza kujigamba kama kawaida yangu. Anasema mama, anasema bibi, anasema "dege!" — huyo akiona rafu tu, kidole juu, dege! dege! Daktari akauliza mara ya mwisho ni lini.

Mzee akanitazama. Nami nikamtazama. Hatujalisikia. Tangu lini? Hatujui. Neno limeondoka nyumbani mwetu na hakuna aliyeliona likitoka.

Wamemtoa damu. Alivyolia, nilitamani waninyonye mimi yote. Damu inapelekwa maabara kubwa, majibu wiki ijayo. Mpaka hapo: mtoto asiingie chumba kile, zulia litolewe, sakafu ipigwe deki, isifagiwe. Kitu chenye unga kisikung'utwe.

Nimekung'uta kitambaa kile mara ngapi? Mlangoni, juu ya kichwa chake.

Njiani nikamwambia Mzee tumpigie mama yake. Akasema tusubiri majibu. Ana mtihani huko aliko, wa kozi yake ya ufundi wa lifti, tutamchanganya bure, na pengine si kitu. Nikakubali haraka. Haraka mno! Nilikuwa nataka aseme vile.

Alhamisi, 6 Machi

Rafu tupu. Ndege zote ziko stoo, kila moja ndani ya mfuko, mifuko ndani ya maboksi. Daktari kasema tusizitupe jalalani mpaka tuulize zinatupwa wapi. Nimezifunga nikiwa na barakoa na glavu zangu za zamani za kazini. Nilipofika kwa Katalina nilifunga fundo la haraka.

Nimemchorea Kibonge ndege. Nimeuliza hii nini? Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Akataka kuila.

Hii nini, baba? Hii nini?

Ijumaa, 7 Machi

Bintiangu kapiga simu ya video. Nilijua atapiga, nikasimama na mgongo ukutani, upande usio na rafu. Akauliza mbona umejibanza kama mwizi? Nikasema mtandao unashika hapa. Uongo namba moja. Mtoto je? Kalala. Namba mbili — alikuwa jikoni na babu yake, macho makavu, anagonga sufuria.

Akawa na furaha, mtihani umeenda vizuri. Amewahadithia wenzake kozini kwamba alianza ufundi akiwa na miaka saba, kwa kutia uzito ndege isikalie mkia. "Bado haikalii mkia, Mama?"

Nikasema haikalii.

"Mpe Kibonge aishike kidogo basi. Mwambie hiyo ya mama yake."

Nilipokata simu nilikaa sakafuni. Mimi naogopa vitu viwili na sijui kipi kikubwa. Naogopa mtoto asije akawa ameumia kichwani, asirudi kama alivyokuwa. Na namwogopa bintiangu. Kuna jinsi anavyonyamaza. Alinyamaza hivyo siku ya msiba wa mumewe, hata mimi nilishindwa kumsogelea. Kibonge ndiye aliyemtoa kwenye ukimya ule. Sasa nimwambie nini? Ulichoniachia nimekilaza chini ya sumu?

Jumapili, 9 Machi

Kepteni kaja na maua. Maua! Nikajua ana neno. Akazunguka, akazunguka, mwisho akasema kuna njia: tumbo linafunguliwa kwa nyuma, unga unachokolewa ukiwa umeloweshwa, linazibwa kwa gundi ya epoksi, nje haijulikani. Yeye yuko tayari kunifanyia. Hasa lile la injini nne, maana boksi lake la vipande vya kuundia halitengenezwi tena, ni hasara kulipoteza.

Nilimfokea. Nilimwambia lipo stoo, alichukue, akaliweke chini ya mto wake alale nalo! Hasara? Hasara anaijua? Maskini akakunja kofia yake mikononi. Hana kosa. Bila yeye ningekuwa bado nakung'uta.

Alipoondoka nikamkuta Mzee wangu kapiga magoti anapiga deki tena pale pale alipopiga asubuhi. Huyu ambaye dari tu limemshinda mwaka mzima. Sikumtania. Nikachukua kitambaa cha pili, tukapiga wote.

Jumatatu, 10 Machi

Kala! Yai zima na mkate. Choo kapata. Na akiwa dirishani kapita kunguru, kasema "de." Au kakohoa. Mzee anasema kasema. Mimi nilikuwa nimeinama.

Sitaki kufurahi. Nikifurahi nitaadhibiwa, ndivyo moyo wangu unavyosema, najua ni upuuzi. Jikaze kisabuni, mama, kesho majibu.

Jumanne, 11 Machi

Saa nne wamepiga. Nesi. Nikamwuliza majibu yamesemaje, akasema daktari atazungumza nanyi wenyewe. Njooni kesho asubuhi.

Halafu akasema: mje na mama yake mzazi.

Nikamwambia mama yake yuko safarini, mimi ndiye bibi, mimi ndiye niliyemleta. Akasema anaelewa, lakini kuna karatasi za kusaini, mama yake anahitajika. Nikamwuliza karatasi za nini? Za matibabu, akasema. Kisha akaniambia pole, usikate tamaa, bibi. Nani kauliza tamaa!

Matibabu. Kwa hiyo imo. Imo ndani ya damu yake.

Nimekaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. Mzee katoka kwenda kwa Kepteni kuuliza mahali pa kutupia yale maboksi. Nikasema akirudi tutapiga pamoja, nitasema mimi, nitasema yote, gundi, zulia, kitambaa. Nikayapanga maneno. Nikayaandika hata nyuma ya bahasha.

Saa tisa

Kafika! Bintiangu kafika! Nimesikia "hodi hapa!" nikadhani naota. Kozi imeisha mapema, hakusema, alitaka kutushtukiza. Kashtukiza kweli. Begi sebuleni, viatu huku na huku, mtoto juu. Kambusu, kamgeuza, kasema mbona kibonge wangu kakonda hivi, Bibi anakunyima?

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua.

Ndipo Kibonge akanyoosha kidole. Kwenye rafu tupu. Akasema, waziwazi, kama zamani: "Dege."

Machozi yakanitoka. Yeye akadhani nalia kwa kumwona yeye, akanikumbatia, mtoto katikati yetu. Akacheka, akauliza kweli jamani, dege ziko wapi? Mmepaka rangi ukuta? Mmezipeleka stoo?

Nikaitika "mm." Mdomo huu! Umezoea kuitika tu.

Nikasema nakuja, mwanangu, keti, nina jambo. Nikaingia chumbani kuchukua ile bahasha yenye maneno. Siioni. Haimo mezani, haimo chini ya mto, nimefungua daftari hili kuitafuta, na badala ya kutoka nimekaa naandika, mwoga mimi, mistari miwili zaidi, mitatu, nipate pumzi.

Anaimba huko. Anamwambia twende tukamwone rubani, tukampe peremende zake.

Ule ni mlio wa mlango wa stoo. Mtoto yuko naye.