Mashine ya Marehemu Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie maana ndani ya nyumba yangu nimekuwa kama mgeni. Mume wangu Ensio alipata mshtuko wa moyo majira ya baridi, hospitalini muuguzi akampima kidoleni akasema damu yake ina oksijeni ya kutosha, barakoa ya oksijeni ya nini, na tangu siku hiyo shemeji yangu Rauno hajanisamehe, anasema kaka yake alinyimwa hewa nami nimekaa tu kama gogo, basi akaileta mashine ya oksijeni ya marehemu mama yao, aliyekuwa mgonjwa wa mapafu, mashine ambayo ilipaswa kurudishwa hospitali zamani, akaiweka sebuleni kwangu, na sasa Ensio kila akitoka sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, anajitia mrija puani na kujilaza kwenye kochi, matembezi aliyoamriwa na daktari kayaacha, anasema moyo unapata chakula chake. Jumapili kifua kilimbana, nikachukua simu niite gari la wagonjwa, akanishika mkono. "Acha, Tuulikki. Niongezee hewa tu, itapita." Nikaongeza, na ikapita, lakini sina amani tena. Nikiiondoa watasema namtakia kifo, nikiiacha naogopa, na sisi si watu wa kuambiana ya moyoni, tunakunywa kahawa tu siku zinakwenda. Nifanyeje?

Tuulikki, Savo

Pole sana, dada Tuulikki. Ila nitakugombeza kidogo: mtu kifua kinambana nawe unazungusha kitufe cha mashine? Usirudie.

Muuguzi alikuwa sahihi. Mama mkwe wako alihitaji ile mashine kwa sababu mapafu yake yalichoka. Damu ya Ensio imeshajaa oksijeni, na ya ziada haimfai kitu. Mwili ukiona imezidi hubana mishipa, moyo hupunguza mwendo na kusukuma damu kidogo kuliko kawaida, na hata mishipa inayoulisha moyo wenyewe husinyaa. Mumeo anadhani anaulisha moyo kumbe anaupunguzia sahani. Dawa ya mama si lazima iwe dawa ya mwana.

Leo hii piga simu kliniki, uwaeleze habari ya Jumapili bila kuficha, na mashine irudi ilikotoka. Sauna ingoje mpaka daktari aseme. Kifua kikibana tena piga namba ya dharura, 112, usimwombe ruhusa. Wakikuta oksijeni imepungua kweli watampa wenyewe, kwa kipimo. Rauno akinuna mwache anune, bora lawama kuliko msiba. Anampenda kaka yake, basi daktari akiruhusu tena matembezi, aje awe anatembea naye.

Limebaki moja, nalo ni lako peke yako. Kaa mbele ya Ensio umwambie, "Naogopa kukupoteza." Najua kwenu maneno hayo hayasemwi. Wewe yaseme. Asipojibu usihuzunike, amesikia. Mpe koti lake mwende kliniki.