Jina Lililosomwa Redioni Asubuhi

Limbe,
2 Septemba, 1976.

Mpendwa kaka Wedson,

Habari za huko Ndola? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukitoka mgodini? Shemeji na watoto wazima? Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri, ila macho yanazidi kufifia.

Barua hii sikuthubutu kuipeleka posta. Anayekuletea ni mtu wa kanisani kwetu. Usimuulize mengi.

Unakijua kipindi cha mume wangu Lyson redioni, kile cha asubuhi cha kukumbusha siku kama ya leo ni nani aliimba nini. Daftari lake lina tarehe zote za mwaka, kazi ya miaka mingi. Tarehe 14 Agosti alisoma kama alivyozoea: siku kama ya leo, miaka kumi iliyopita, bendi ya Nyota za Limbe ilirekodi santuri yake ya kwanza, mwimbaji akiwa Harrison Kachale.

Kaka, nilikuwa nasonga nsima, mwiko ukanidondoka. Tangu Harrison akimbie na kuanza kuwasema wakubwa kutoka nje, hapa hakuna anayelitamka jina lake hata jikoni. Lyson alilisoma tu, mdomo ukitangulia akili.

Jirani yangu NaBanda aliingia bila hodi. “Mwenzangu, masikio yangu yana ugonjwa, au mumeo kamtaja yule?”

“Kamtaja.”

“Basi mimi sikuja hapa leo,” akasema, akatoka mbio.

Nikalichukua daftari, maana huliacha nyumbani akishanakili ya siku hiyo. Kwenye ukurasa wa siku ile Lyson alikuwa ameandika bendi nzima, na katikati: gitaa, Wedson Nyirongo. Nikauchana, nikautia motoni chini ya sufuria ya nsima.

Mchana walikuja wawili, wamevaa suti. Lyson walikuwa wameshamchukua kazini. Mmoja alifunua daftari taratibu, akilamba kidole. “Kumi na tatu. Kumi na tano. Amayi, kumi na nne iko wapi?”

“Nimewashia moto, bwana.”

“Katika karatasi zote za nyumba hii?”

“Ndiyo iliyokuwa karibu.”

“Unaogopa?”

“Naogopa, bwana.”

Akanitazama sana. Kisha wakaenda na daftari.

Lyson alirudi baada ya siku tisa. Anachechemea, na mkono wa kulia hawezi kushika kikombe. Kazi hana tena. Alininong'oneza mara moja tu: “Walimtaka mpiga gitaa. Nikawaambia bendi ile haikuwa na mpiga gitaa. Wakacheka. Halafu wakaacha kucheka.” Hajataja jina lako, kaka. Wala hajaniomba nikuambie.

Sasa hili la Krismasi. Najua umeshaomba likizo uje tuweke jiwe kwenye kaburi la baba. Usije. Hata wakikuandikia wajomba, usije. Gari lenye watu nisiowajua husimama karibu na kisima karibu kila siku, na sijui wananingoja mimi au wewe. Jiwe tutaliweka sisi.

Mama hatujamweleza. Nimemdanganya kwamba mgodini wamekunyima ruhusa, akalia kidogo. Jana akimenya viazi uani alianza kuimba ule wimbo wenu wa Nyota za Limbe, kwa sauti ya juu, kwa kukukumbuka. Nilitoka mbio nikamziba mdomo kwa kiganja. Mama yangu mzazi. Aliushika mkono wangu akaupapasa, kama anayetafuta ni wa nani. Tangu hapo hajaimba tena, na kila nikimkaribia hunyamaza.

Nisalimie shemeji Tisa, na mwanao Mabvuto. Lyson anakusalimu, NaBanda pia, kwa siri. Mungu awafunike huko mliko, asimwonyeshe mtu mlango wenu.

Ni mimi nikupendaye, dada yako,
Esnath.